Sukari Ambayo Haitiwi Kwenye Chai

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya sukari. Najua wengine mtadhani nimekuja tena na yale ya kisukari, ya soda na ya meno ya watoto. Hayo tutayarudia siku nyingine. Leo nazungumzia sukari ambayo haiuzwi dukani, haina utamu wa kutajwa, na ambayo kila mmoja wetu ameishi nayo mwilini tangu tumboni mwa mama yake bila kuijua. Sukari hii ina sehemu kubwa katika kuamua kama kijidudu kitaushika mwili wa mtoto wako au kitateleza na kutoka chooni.

Nimelichagua jambo hili kwa sababu ya maswali mawili ninayoulizwa kila wiki kliniki. La kwanza huulizwa kwa sauti kubwa: "Nesi, kwa nini mtoto wa wiki sita achomwe sindano mbili kwa siku moja, tena arudi mara mbili nyingine?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi bibi wa mtoto akiwa amekaa kwenye benchi anasikiliza: "Je, nikimpa maji kidogo ya glukosi kuna ubaya gani?" Kwa bahati, maswali yote mawili yana jibu linalokutana mahali pamoja.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Sukari ya chai ni kitu kidogo sana, kama punje mbili za shanga zilizoshikana. Ukizitunga shanga nyingi kwenye uzi mmoja unapata sukari nyingine, ndefu, ambayo wataalamu huiita sukari changamano. Wanga wa ugali na mihogo ni wa jamii hiyo, ila shanga zake zote ni za rangi moja. Zipo nyuzi nyingine zenye shanga za rangi mbalimbali, zenye matawi huku na huku, na hizo ndizo ninazozisema leo. Kila chembe hai ya mwili wako imefunikwa na nyuzi hizo kama shamba lililoota majani. Chembe hutambuana kwa nyuzi hizo.

Mfano mmoja mnaujua wote. Mnapopimwa damu kliniki ya wajawazito, mnaambiwa ninyi ni kundi A, B, AB au O. Tofauti ya makundi hayo, ambayo Karl Landsteiner aliieleza huko Vienna mwaka 1901, ni sukari tu. Mwenye kundi A ana shanga moja ya aina fulani mwishoni mwa uzi, mwenye B ana shanga ya aina nyingine, mwenye AB anazo zote mbili, na mwenye O hana yoyote kati ya hizo. Shanga moja tu hiyo, lakini ukimwekea mtu damu isiyo yake anaweza kufa. Na vijidudu navyo vinaitazama sukari hiyo. Watu wa kundi O wakipata kipindupindu huelekea kuugua kwa ukali zaidi kuliko wengine, lakini kwa malaria kali wao wana nafuu. Basi dada wa kundi O asijivune wala asihuzunike.

Vijidudu vingi haviwezi kudhuru mpaka kwanza vishike. Kirusi cha mafua makali hushika sukari iliyo juu ya chembe za koo na mapafu. Hata kamasi, ambazo tunawafuta watoto kutwa nzima kwa kuudhika, zimejaa nyuzi hizi za sukari. Kazi yake mojawapo ni kunasa kijidudu kabla hakijafika ndani.

Maziwa yasiyoliwa na mtoto

Sasa nije kwa lile swali la glukosi, kwa maana ndilo linalotugombanisha na mama wakwe zetu.

Lita moja ya maziwa ya mama ina laktosi kiasi cha gramu 70, ambayo ndiyo sukari ya kumpa mtoto nguvu, na mafuta kiasi cha gramu 40. Baada ya hapo zinafuata sukari changamano, gramu 5 hadi 15, na katika maziwa ya kwanza ya njano, yaani dang'a, zinaweza kuzidi gramu 20. Aina zake zilizokwisha kutambuliwa zinapita 150. Maziwa ya ng'ombe yana kidogo sana ya sukari hizo, na za aina chache.

Ajabu ni kwamba mtoto hawezi kuzimeng'enya. Zinapita tumboni na kwenye utumbo mwembamba kama zilivyoingia. Wataalamu walisumbuka sana na jambo hilo. Mwili wa mama uliojifungua jana, umechoka, umepoteza damu, unatumia nguvu zake kutengeneza chakula ambacho mlaji hawezi kukila. Kwa faida ya nani?

Jibu lilianza kupatikana zamani. Mwishoni mwa karne ya 19 huko Paris, Henri Tissier aliona kwamba kinyesi cha watoto wanaonyonya kimejaa bakteria wa aina moja wenye umbo la matawi mawili, ambao leo huitwa bifidobakteria. Miaka ya 1950 Paul György na wenzake wakaonyesha kwamba kitu kinachowastawisha bakteria hao ni hizo sukari za maziwa ya mama. Mlaji ndiye huyo. Mama anamlisha mtoto, na papo hapo anawalisha walinzi wa utumbo wa mtoto. Walinzi hao wakishiba hutoa asidi, na utumbo ukiwa na uchachu vijidudu vingi vibaya havistawi. Ndiyo sababu kinyesi cha mtoto anayenyonya tu kina harufu kama ya mtindi. Mama yeyote aliyelea anaijua harufu hiyo, na anajua pia jinsi inavyobadilika siku ile mtoto anapoanza kupewa vitu vingine.

Kazi ya pili ya sukari hizo ni kuwadanganya maadui. Nyingi zinafanana na zile nyuzi zilizo juu ya chembe za utumbo. Kijidudu cha kuhara kinapoingia kinatafuta pa kushika, kinakutana na sukari inayoelea ndani ya maziwa, kinaishika hiyo kwa kudhani kimefika, na kinatoka nayo kwenye nepi. Huko Mexico watafiti waliwafuatilia akina mama 93 wanaonyonyesha na watoto wao, na mwaka 2004 wakatangaza kwamba watoto waliopata maziwa yenye wingi wa aina fulani za sukari hizo waliharisha mara chache kuliko wenzao. Maziwa ya akina mama hayalingani. Takriban mmoja kati ya watano hatengenezi aina moja iliyo maarufu, kwa kuwa hakurithi uwezo huo. Asihangaike wala kutafuta kipimo. Anatengeneza nyingine nyingi, na kinga ya maziwa yake ina mambo mengine mengi zaidi ya sukari.

Basi, bibi akisema mtoto analia kwa kiu na apewe glukosi, tumjibu kwa heshima, lakini tumjibu. Glukosi ni shanga moja moja. Haimdanganyi kijidudu chochote. Inajaza tumbo dogo ambalo lingejazwa na maziwa, mtoto ananyonya kidogo, na matiti nayo yanapunguza kutengeneza. Maji yenyewe, kikombe na kijiko huja na vijidudu vyao. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha mtoto hata Dodoma mwezi wa kumi. Mama mmoja aliwahi kuniambia, "Nesi, wewe unasema hivyo kwa sababu hukai na mama mkwe." Nilicheka, lakini ana haki. Nimeona inasaidia kumkaribisha bibi kliniki na kumpa kiti, tukazungumza naye yeye mwenyewe badala ya kumtumia mkwewe ujumbe wa kumsahihisha. Bibi akielewa, huyo ndiye atakayekuwa mlinzi wa maziwa nyumbani.

Na ile desturi ya kukamua dang'a na kuimwaga eti ni maziwa machafu, jamani, tuiache. Hayo ndiyo yenye sukari hizi kwa wingi kuliko yote.

Kwa wenzetu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, mafundisho ni yale mliyopewa kliniki: dawa kila siku bila kuruka, na maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya kwanza, bila kuchanganya. Utafiti uliofanyika Lusaka, Zambia, na kutangazwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba akina mama ambao maziwa yao yalikuwa na sukari hizi kwa wingi hawakuelekea sana kuwaambukiza watoto kwa kunyonyesha. Hilo halichukui nafasi ya dawa hata kidogo. Nalitaja ili mjue kwa nini tunasisitiza lile neno "peke yake".

Kwa yule ambaye hakuweza kunyonyesha, kwa ugonjwa au kwa kumlea yatima, simnyoshei kidole. Tangu mwaka 2016 baadhi ya viwanda vimeanza kutia aina moja au chache za sukari hizi katika maziwa ya kopo. Ni hatua, lakini chache si 150, na bei yake mnaijua. Kwa mtoto wa kopo, maji yaliyochemshwa na kikombe safi vina uzito kuliko maandishi yaliyo kwenye lebo.

Hapa niseme neno juu ya wauza poda. Siku hizi hupiti sokoni wala hufungui simu bila kuambiwa kuna unga wa "kuongeza kinga". Ukweli mmoja upo: huko jimbo la Odisha, India, watoto wachanga zaidi ya 4,500 wa vijijini, ambao walikuwa wananyonya, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kwa siku 7 bakteria wa aina nzuri pamoja na sukari changamano ya mimea. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: katika kundi lisilopewa, watoto 9 kati ya kila 100 walipata maambukizi makali ya damu au kufariki, katika kundi lililopewa, walikuwa 5 na kitu. Ni habari njema sana. Lakini huyo alikuwa bakteria maalumu, kwa kipimo maalumu, chini ya macho ya madaktari. Kopo la mtaani lenye picha ya mtoto mnene si kitu hicho.

Mfano mwingine unatuhusu sisi wenyewe. Kijidudu kinachosababisha maambukizi mengi ya njia ya mkojo, ile U.T.I. tunayoilalamikia, hushika sukari iitwayo manosi iliyo juu ya chembe za kibofu. Ndipo ikaonekana ni busara kuwapa wanawake unga wa manosi wainywe, ili kijidudu kidanganyike kama kule utumboni. Hoja ilikuwa nzuri na unga uliuzwa sana. Huko Uingereza wakaamua kupima: wanawake 598 waliokuwa wakisumbuliwa mara kwa mara, miezi 6, nusu yao manosi na nusu yao unga wa kudanganyia. Mwaka 2024 majibu yakatoka kwamba hapakuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo dada, weka fedha yako. Kunywa maji ya kutosha, usibane mkojo, na ukiumwa nenda ukapimwe mkojo badala ya kununua vidonge vinne vya antibiotiki kwa kukisia.

Koti la kijidudu

Mpaka hapa sukari imekuwa upande wetu. Sasa tuitazame upande wa adui, na hapa ndipo ilipo sababu ya zile sindano.

Wako bakteria wanaovaa koti la sukari changamano. Wawili ndio waliowamaliza watoto wetu kwa miaka mingi. Wa kwanza ni numokoka, ambaye huleta kichomi, sumu kwenye damu na homa ya uti wa mgongo. Wa pili anaitwa Haemophilus influenzae aina b, kwa kifupi Hib. Msidanganywe na jina. Hana uhusiano na virusi vya mafua. Karne ya 19 ikielekea kwisha daktari mmoja alidhani huyo ndiye mleta mafua, akakosea, na jina likabaki.

Koti hilo linateleza. Chembe nyeupe za damu zinamfukuza bakteria, zinamkamata, anaponyoka kama kambare mkononi. Ili akamatike, mwili lazima utengeneze kingamwili za kunata juu ya lile koti, ziwe kama mpini wa kumshikia. Mtu mzima anaweza kuzitengeneza. Mtoto wa chini ya miaka 2 hawezi vizuri, na shida ndiyo hiyo. Kinga yake inaitazama sukari tupu na kuipita kana kwamba haikuona kitu. Kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo humlinda wiki za kwanza, halafu zinapungua, na hapo katikati anabaki wazi.

Nilipoanza kazi wodi ya watoto mwaka 2004, homa ya uti wa mgongo haikuwa jambo la kusimuliwa. Ilikuwa kitanda cha tatu na kitanda cha saba. Mtoto analetwa usiku, utosi umevimba, analia kwa sauti nyembamba ambayo ukishaisikia huisahau, na ukimwinua anazidi kulia badala ya kutulia. Mmoja alikuwa wa miezi 8. Tulimchoma dawa siku nyingi, homa ikashuka, akanyonya, mama akafunga kanga yake akaenda nyumbani anashukuru. Baada ya wiki tano alirudi. Hakuwa na kadi mkononi wala hakuwa na malalamiko, alitaka tu kuniuliza: "Sista, sufuria lilianguka nyuma yake, kila mtu akaruka, yeye akaendelea kucheza. Ni kawaida?" Mtoto alikuwa hasikii. Uziwi ni deni ambalo ugonjwa huu huwaachia wengi wanaopona.

Lile koti lilijulikana zamani. Mwaka 1923, New York, Michael Heidelberger na Oswald Avery walionyesha kwamba ni sukari, wakati ambapo wengi waliamini kinga ya mwili haitambui kitu kingine ila protini. Miaka michache baadaye Avery na mwenzake walijaribu kuifunga sukari hiyo kwenye protini, wakawachoma sungura, na sungura wakatengeneza kinga. Kisha penisilini ikaja, watu wakaona kazi imekwisha, na jambo likalala kwa zaidi ya miaka arobaini. Mimi huwa nawaza watoto wa miaka hiyo yote.

Mwaka 1974 huko Finland chanjo ya sukari tupu ya Hib ilijaribiwa pamoja na nyingine ya homa ya uti wa mgongo, kwa watoto karibu 100,000. Wale waliopita mwaka mmoja na nusu walikingwa na Hib. Wadogo zaidi, ambao ndio hasa huuawa, hawakupata kitu. Ndipo madaktari Rachel Schneerson na John Robbins huko Marekani, na wengine wawili, Porter Anderson na David Smith, wakairudia ile njia ya kufunga sukari kwenye protini. Marekani iliruhusu chanjo ya namna hiyo mwaka 1987, na mwaka 1990 ikaruhusiwa kwa watoto wachanga.

Inafanyaje kazi? Katika kinga ya mwili wako wazee, yaani zile chembe zinazotoa amri na kuweka kumbukumbu. Wazee hao wanaisoma protini, sukari hawaisomi. Mtoto mdogo bila amri ya wazee hafanyi kitu. Kwa hiyo sukari inabebwa na protini kama mtoto kwenye mbeleko. Wazee wanamwona mama mtu, wanapiga kelele, na aliye mgongoni naye anaandikwa. Siku bakteria mwenyewe akija na koti lake, mwili unalijua.

Lakini mwili wa mtoto hauandiki yote mara moja. Sindano ya kwanza inafungua daftari, ya pili na ya tatu ndizo zinazoandika kwa wino. Ndiyo maana ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Hapa Tanzania chanjo ya Hib ilianza mwaka 2009 ndani ya ile sindano ya pamoja ya magonjwa matano: dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini na Hib. Ya numokoka ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2013. Sindano mbili siku moja ni kwa sababu hazichanganywi katika bomba moja, na kumrudisha mtoto siku nyingine ni kumwongezea siku za kukaa bila kinga.

Imesaidia? Jirani zetu wa Kilifi, pwani ya Kenya, wamehesabu kwa miaka mingi. Kabla ya chanjo ya Hib, ambayo Kenya iliianza mwaka 2001, watoto 66 kati ya kila 100,000 wa chini ya miaka 5 waliugua Hib kali kila mwaka. Baada ya miaka mitatu walikuwa chini ya 8. Kenya ilipoanza chanjo ya numokoka mwaka 2011, ugonjwa mkali wa aina zilizomo ndani ya chanjo ulipungua kwa asilimia 92 kwa watoto wa umri huo. Na hili ndilo lililonigusa zaidi: kwa wachanga wa chini ya miezi 2, ambao wengi wao hawajakamilisha hata sindano ya kwanza, baada ya chanjo kuanza hakupatikana hata mmoja mwenye aina hizo. Walikingwa na kaka na dada zao waliokwisha kuchanjwa. Kule Gambia, chanjo ya namna hiyo ilipojaribiwa kwa watoto zaidi ya 17,000, vifo vya kila aina vilipungua kwa asilimia 16, kama ilivyotangazwa mwaka 2005. Uti wa mgongo wenyewe sasa nauona mara chache. Wauguzi wapya hunitaka niwasimulie dalili zake.

Nisiwafiche kwamba numokoka ana makoti ya aina karibu 100, na chanjo yetu inayajua 13 yaliyo mabaya. Kwa hiyo mtoto aliyechanjwa bado anaweza kupata kichomi. Akipumua haraka, mbavu zikiingia ndani, asingoje kwa kuwa kadi imejaa.

Na mafua madogo hayamzuii mtoto kuchanjwa. Homa ya usiku wa sindano ni ya kawaida, parasetamo ya kipimo cha uzito wake inatosha. Kama ulikosa ya wiki ya 10, usione aibu ukaacha kabisa. Haturudii mwanzo, tunaendelea tulipoishia. Ukikutana na muuguzi wa kukugombeza, vumilia, chomwa, halafu nenda kamwambie mganga mfawidhi.

Mwenye selimundu

Nimebakiza watoto ambao kwao koti hilo ni hatari kuliko kwa wengine. Chujio kuu la kuwakamata bakteria wenye koti la sukari ni wengu, ambalo wengine huliita bandama. Kwa mtoto wa selimundu, zile chembe nyekundu zilizopinda huziba mishipa ya wengu, na mara nyingi linaacha kufanya kazi akiwa bado hajafika shule. Kule Kilifi ilionekana kwamba hatari yake ya kupata bakteria kwenye damu ni kubwa kiasi cha mara 26 kuliko ya watoto wengine, na numokoka ndiye aliyeongoza. Nchini kwetu inakadiriwa watoto zaidi ya 10,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka, na wengi hufariki kabla mtu hajajua kwamba ugonjwa ni huo.

Kwa hiyo, kama katika ukoo wenu au wa baba watoto kuna mwenye selimundu, au kama ulipoteza mtoto kwa "upungufu wa damu" usioelezeka, omba mtoto apimwe mapema, asingoje mpaka vidole vivimbe. Akionekana anao, chanjo zote zikamilike, na aanzishwe penisilini ya kumeza kila siku, asubuhi na jioni, kwa kawaida kuanzia miezi 2 au 3 mpaka angalau afike miaka 5. Huko Marekani utafiti uliotangazwa mwaka 1986 ulisimamishwa kabla ya wakati, maana watoto waliopewa penisilini walipata maambukizi ya numokoka pungufu kwa asilimia 84, na haikuwa haki kuwaacha wengine bila. Ni dawa ya bei ndogo. Kinachoshinda wengi ni kuimeza kila siku wakati mtoto anacheza na haonekani mgonjwa; wengine huifunga na kupiga mswaki, asubuhi na jioni, na naona inafaa.

Na mtoto huyo akipata homa, hata kama ni saa sita ya usiku, mvua inanyesha na baba yuko safari, usimpe parasetamo ukangoja kupambazuke. Mbebe mkamwamshe mwenye bajaji. Ukifika mapokezi, maneno yako ya kwanza yawe: "Mtoto wangu ana selimundu na ana homa."